Mgombea Akisema "Napinga Biashara Huria", Anapinga Nini Hasa?

Fundi mmoja wa mashati, mwenye cherehani yake kwenye baraza la duka Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Redio ya duka la jirani ilikuwa ikizungumzia wagombea na mikataba ya biashara huria: huyu anaipinga, yule anaiunga mkono, wa tatu ataipitia upya. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli, akanigeukia. "Kaka, wewe mtu wa kuandika. Huyu anayepinga, mimi ananiokoa au ananimaliza?"

Kila aliyekaa kwenye benchi la kahawa alikuwa na jibu lake. Mzee mmoja alisema biashara huria ndiyo iliyoleta mitumba. Kijana anayeuza vioo na makava ya simu akasema ndiyo iliyowaleta Wachina Kariakoo. Wa tatu akataja bandari na Dubai. Wa nne akauliza, "Si ndiyo ile EPA ya Benki Kuu?" Majibu manne, na hakuna hata moja linalohusu mkataba wa biashara huria. Siwalaumu. Mambo haya husemwa kwa vifupisho na kwa hasira, na mwananchi anaachiwa ayapange mwenyewe. Nataka kuyapanga hapa, taratibu, nikianzia kwenye bei ya shati.

Mzigo kutoka nje ukishuka bandarini, TRA hutoza kodi za aina kadhaa. Moja inaitwa ushuru wa forodha, na hutozwa kwa sababu moja tu: bidhaa imetoka nje ya nchi. VAT ni jambo jingine, kwa kuwa hutozwa bidhaa ya nje na ya ndani vilevile. Mkataba wa biashara huria unagusa ule ushuru wa forodha. Nchi mbili au zaidi zinakubaliana kwamba bidhaa zilizotengenezwa kwenu zikija kwetu, na zetu zikija kwenu, hazitatozwa ushuru huo, au utapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka uishe. "Huria" maana yake ni hiyo. Haina maana ya kila mtu kufanya atakalo.

Tupige hesabu. Chukua mzigo wa mashati yaliyoshonwa nje ya Afrika Mashariki, thamani yake hadi kufika bandarini ni shilingi 1,000,000. Tangu Julai 2022, nguo ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa kwenye kiwango cha asilimia 35 cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Ushuru unakuwa 350,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo ya 1,350,000, nayo inakuwa 243,000. Tukiziacha tozo nyingine ndogondogo, mzigo umefika 1,593,000. Sasa futa ushuru wa forodha peke yake. VAT inapigwa juu ya milioni moja, inakuwa 180,000, na mzigo wote ni 1,180,000. Tofauti ni shilingi 413,000.

Ugomvi wote wa biashara huria umo ndani ya hiyo 413,000. Mnunuzi wa shati anaitamani. Fundi wa Aggrey anajua kwamba ikiondoka, ukuta uliokuwa ukimkinga umeondoka nayo. Hazina inajua ni fedha ambazo hazitaingia mfukoni mwake. Mgombea anayesema anaunga mkono au anapinga anachagua upande kati ya hawa, hata kama hajawataja.

Hesabu hiyo inamjibu pia kijana wa makava ya simu. Tanzania haina mkataba wa biashara huria na China. Bidhaa za China zilizojaa Kariakoo zinatakiwa kulipa ushuru wa forodha kama za Uturuki au India. Zimejaa kwa sababu ni rahisi kiwandani na mzigo wake unakuja kwa makontena mengi, na ushuru haujazizuia. Kinachohusu China na ushuru kinakwenda upande mwingine: tangu Desemba 2024, China imefuta ushuru kwa bidhaa zote zinazotoka nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano nayo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwemo. Mlango uliofunguliwa ni wao kwetu, na wamefungua kwa hiari yao.

Nyumba ya wapangaji

Ugumu unaanzia kwenye majina: upendeleo, eneo huru, umoja wa forodha, soko la pamoja. Mimi hulielewa jambo hili kwa kufikiria nyumba ya wapangaji ya Kiswahili, ile yenye korido katikati na vyumba huku na huku, kama zilivyojaa Ilala na Magomeni.

Mwenye nyumba ya jirani akikwambia, "Watoto wako waje kuchota maji kwangu bure," huo ni upendeleo. Hakukudai chochote, lakini pia kesho anaweza kufunga bomba na huna pa kumshitaki. Mkikaa wapangaji mkakubaliana kwamba ndani ya nyumba hii mtu anaingia chumba cha mwenzake bila kubisha hodi, ila kila mmoja anajiamulia ni mgeni gani wa nje atamkaribisha na kwa masharti gani, hilo ni eneo huru la biashara. Mkienda mbele mkasema lango la mbele ni moja, na mgeni yeyote anayetoka nje atapokelewa kwa sharti moja kwa nyumba nzima, mmefika kwenye umoja wa forodha. Na mkiruhusiana siyo tu kuazimana sufuria bali hata kufungua genge kwenye kibaraza cha mwenzio na kufanya kazi kwake, mmefika soko la pamoja.

Tanzania imo katika hatua zote hizo kwa wakati mmoja. Kwa Ulaya na China inapata upendeleo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ni eneo huru la biashara tangu 2008. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu Januari 2005 na soko la pamoja tangu Julai 2010. Kisha kuna Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, mkataba uliosainiwa Kigali Machi 2018, ambao Bunge letu liliuridhia Septemba 2021. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tulitoka mwaka 2000, ingawa majirani kadhaa wamebaki humo.

Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema "nitatutoa kwenye biashara huria", swali la kwanza ni: kwenye ipi? Kujitoa Afrika Mashariki kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote na notisi ya miezi 12. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inasema hivyo. Mkataba wa Afrika nzima unamtaka mwanachama akae kwanza miaka mitano, na akishatoa taarifa asubiri miaka miwili zaidi. Hata kuupandisha ushuru peke yake rais hawezi kwa amri tu, kwa sababu viwango vya lango la pamoja huamuliwa na mawaziri wa nchi zote. Nchi ikitaka kiwango tofauti kwa mwaka fulani, inaomba.

Na nchi huomba sana. Mchele kutoka nje ya Jumuiya unatakiwa kulipa asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35. Hili si jambo dogo kwa mkulima wa Kyela au Kahama. Mchele wake unavuka Namanga bila ushuru, ila ukifika Nairobi unakutana na mchele wa Pakistan uliopita Mombasa kwa chini ya nusu ya ushuru uliokubaliwa. Hakuna mkataba uliovunjwa, na kinga yake imepungua. Mgombea anayejua biashara angezungumzia hili kabla ya yote, kwa kuwa linagusa mifuko ya watu wengi kuliko mikataba mingi yenye majina makubwa.

Ile EPA siyo hii EPA

Yule wa nne kwenye benchi, aliyetaja EPA ya Benki Kuu, alikuwa akikumbuka kashfa ya Akaunti ya Madeni ya Nje, shilingi bilioni 133 zilizochotwa na ambazo taifa zima lilizizungumzia mwaka 2008. EPA ya kwenye biashara ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika Mashariki. Herufi zimefanana, basi.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hakuna mfano mzuri zaidi wa msimamo wa mwanasiasa wa Tanzania juu ya biashara huria.

Mazungumzo ya mkataba huo yalikamilika Oktoba 2014. Ulaya ingepokea bidhaa zote za Afrika Mashariki bila ushuru, na Afrika Mashariki ingefungua taratibu, ndani ya miaka 25, takriban asilimia 82.6 ya bidhaa inazonunua Ulaya. Kiasi kilichobaki kingeachwa nje ya mkataba na kuendelea kutozwa ushuru. Ukisikia asilimia 82.6 unashtuka, lakini sehemu kubwa ya hizo, kama mitambo na mali ghafi, tayari ilikuwa haitozwi ushuru na sisi wenyewe.

Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameandika kwa kirefu kwamba viwanda vichanga vya hapa visingehimili bidhaa za Ulaya, Bunge likapitisha azimio la kuupinga Novemba 2016, na Rais John Magufuli, akiwa na Rais Yoweri Museveni mapema mwaka 2017, akaufananisha mkataba huo na ukoloni.

Ukiyasikia hayo peke yake utadhani Tanzania ilikuwa jasiri na Kenya ikauza utu wake. Mimi naona kila mmoja alipiga hesabu yake, na hesabu zilitofautiana. Tanzania iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Nchi za orodha hiyo, tangu 2001, zinauza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo. Kwa hiyo Tanzania ilikuwa ikiombwa kulipia kitu ambacho tayari inapewa bure. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Mwishoni mwa 2014, kwa takriban miezi mitatu, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya, na wakulima wa Naivasha waliuonja uchungu wa kukosa mkataba. Jirani mmoja alikuwa na kisima, mwingine anategemea bomba la mtu. Wasingeweza kuuona mkataba wa maji kwa jicho moja.

Hapo watu huchanganya jambo jingine. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati wa chini, na wengi wakaamini upendeleo wa Ulaya umeisha. Orodha ya Benki ya Dunia hupima kipato. Orodha ya Umoja wa Mataifa hutazama pia afya, elimu na jinsi uchumi unavyoyumba kirahisi. Ni orodha mbili, na upendeleo unafuata hii ya pili. Siku tukitoka kwenye ya pili, kisima kitaanza kukauka, na hoja ya Mkapa itabidi ipigiwe hesabu upya. Mgombea anayerudia leo maneno ya 2016 bila kulisema hilo anazungumzia hali ambayo haitadumu.

Kenya ilisaini mkataba wake peke yake na Ulaya Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 2024. Rudi kwenye nyumba ya wapangaji: lango ni moja, lakini mpangaji mmoja amemruhusu mgeni wake apite bila kuulizwa. Wengine sasa lazima wawe macho kwenye korido, kuhakikisha bidhaa ya Ulaya iliyoingia Mombasa bila ushuru haivuki Namanga au Holili kwa jina la bidhaa ya Kenya.

Suala la bandari nalo nilimalize. Makubaliano ya Tanzania na Dubai yaliyosainiwa Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge Juni 2023 yalihusu ushirikiano katika kuendesha na kuendeleza bandari. Yana mjadala wake mzito, na watu walikuwa na haki ya kuhoji. Lakini hayakufuta ushuru wa bidhaa yoyote. Kinachoyaunganisha na mikataba ya biashara ni mlango wa Bungeni: Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ukitaka kujua msimamo wa mgombea ambaye amewahi kuwa mbunge, tafuta alisema nini siku hizo ndani ya ukumbi.

Mitumba na mkono wa mwenye kutoa

Mzee wa mitumba alikuwa karibu na ukweli kuliko wenzake, ingawa alipita njia ya pembeni. Mitumba ya soko la Karume haikuletwa na mkataba wa biashara huria; inatozwa ushuru. Ila iliwahi kulindwa na kitu kinachofanana nao.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Ushuru ukapandishwa. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikapeleka malalamiko serikalini kwao. Fimbo waliyoishika ni AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu nchi za Afrika kuuza huko bidhaa nyingi bila ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo huo.

AGOA huitwa mkataba kila siku redioni, nayo si mkataba. Ni sheria ya nchi moja. Hatukusaini, hatuna sahihi ya kudai, na muda wake ulioongezwa mwaka 2015 ulikuwa na mwisho ulioandikwa, Septemba 2025. Maelfu ya ajira kwenye viwanda vya nguo barani Afrika zilitegemea kura za wabunge wa Washington ambao hakuna Mwafrika aliyewachagua. Kuna hoja nzito hapa ambayo wapinzani wa biashara huria hawaitaji: mkataba, hata mbaya, unakupa pa kusimama, na upendeleo hauna hata hicho. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu bora ya kutokimbia mikataba yote kwa jumla.

Marekani kwenyewe wagombea wamebishana juu ya mambo haya kwa zaidi ya miaka 30, na yaliyowapata yanafundisha. Mwaka 1992 Ross Perot alifanya kampeni ya kupinga NAFTA, mkataba wa Marekani, Canada na Mexico, akionya kwamba ajira zitanyonywa kwenda kusini. Alipata takriban asilimia 19 ya kura, na mkataba ukaanza Januari 1994 hata hivyo. Barack Obama mwaka 2008 aliahidi kuujadili upya. Alikaa madarakani miaka minane na haukujadiliwa. Hillary Clinton, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwaka 2012 aliusifu mkataba wa nchi za Pasifiki uitwao TPP, na Oktoba 2015, akiwa mgombea, akaupinga. Donald Trump alijitoa TPP Januari 2017, siku chache baada ya kuapishwa, na nchi 11 zilizobaki zikasaini bila Marekani mwaka uliofuata. NAFTA, aliyoiita mbaya kuliko zote, hakuiondoa. Aliijadili upya, ikapewa jina jipya, na ilianza kutumika Julai 2020.

Moja ya mabadiliko makubwa ndani yake ni hili: gari lisilotozwa ushuru sasa lazima asilimia 75 ya thamani yake itoke ndani ya nchi hizo tatu, badala ya 62.5. Kelele zote za kampeni zilishuka mpaka kwenye namba moja inayohusu wapi bidhaa imezaliwa. Na hapo ndipo tunarudi Mtaa wa Aggrey.

Shati lina kabila gani?

Fundi aligeuza shati alilokuwa akilimalizia, la kitambaa cha bluu, ili nilione kwa ndani. Kitambaa alikata kwenye jora lililotoka China; ukingoni bado kulikuwa na maandishi ya kiwanda. Uzi ulitoka India. Vifungo hakujua, alivinunua kwa pakiti Mtaa wa Narung'ombe. Kilichokuwa cha Kariakoo ni mkono wake: ukataji, kola iliyosimama vizuri, mishono miwili begani, na tundu za vifungo alizozifanya moja moja. Mteja wake mkubwa anatoka Zambia, hupitia Tunduma na mabegi mawili.

Je, hilo ni shati la Tanzania? Jibu linategemea unamuuliza nani, na hiyo ndiyo sura ya mikataba ambayo wagombea hawaisomi hadharani. Inaitwa vigezo vya uasili wa bidhaa. Chini ya SADC, ambako Zambia imo, nguo inatakiwa ipite hatua mbili ndani ya ukanda: kitambaa kifumwe huku, na nguo ishonwe huku. Shati la fundi wetu limepita moja, kwa hiyo likifika Tunduma halina haki ya kuvuka bila ushuru. Chini ya AGOA, nchi zenye maendeleo duni ziliruhusiwa kutumia kitambaa cha popote, kwa hiyo shati lile lile, kutoka China kwa jora na Dar es Salaam kwa mshono, lingekubalika New York. Zambia, ambayo ukiendesha gari unafika, inalikataa. Marekani, ng'ambo ya bahari, ingelipokea.

Sharti hilo halikuwekwa kwa uonevu. Bila vigezo vya uasili, mtu angeshusha kontena la China, akabandika lebo ya Dar, akavuka mpaka bure, na fundi angekuwa wa kwanza kuumia. Kigezo kikiwa chepesi, walanguzi wanapita. Kikiwa kigumu, fundi mwenyewe anakwama, kwa sababu viwanda vya kufuma kitambaa vimebaki vichache na pamba yetu nyingi huuzwa nje ikiwa haijasokotwa uzi. Ndiyo maana ningemuuliza mgombea kuhusu viwanda vya nyuzi na vitambaa kabla ya kumuuliza kuhusu mikataba. Kigezo cha hatua mbili, kwa nchi isiyofuma, ni mlango uliofungwa hata kama ushuru ni sifuri.

Hata bidhaa yenye uasili kamili inaweza kukwama. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa sababu ya hofu ya magonjwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikitaja sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, ikijibu hatua zao za kuzuia mazao yetu, zikiwemo ndizi. Wote walikuwa wanachama wa maeneo huru ya biashara kwa miaka mingi, na hakuna aliyepandisha ushuru hata senti. Walitumia afya ya mimea, vibali na ukaguzi. Afya ni sababu ya kweli, sumukuvu inaua. Lakini lori la mahindi likikaa mpakani wiki nzima, hasara ya mwenye mzigo haitofautishi sababu ya kweli na ya kisingizio.

Na Julai 2025 Serikali ilipopiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, saluni na ufundi wa simu, Kariakoo wengi walishangilia. Kenya ililalamika kwamba marufuku hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Hapa hatuzungumzii ushuru tena, ni lile genge kwenye kibaraza cha mwenzio. Mtu anaweza kuunga mkono bidhaa kupita bure na bado akapinga mgeni kufungua duka Mtaa wa Kongo, wala hajipingi. Ni maswali mawili, na mgombea anatakiwa kuyajibu mbalimbali.

Nilimrudia fundi baada ya siku kadhaa nikiwa na jibu la vipande. Mkataba na nchi zenye viwanda vikubwa vya nguo, nguo zikiwa hazijawekwa pembeni, ungemwumiza. Mkataba wa Afrika unaweza kumsaidia au kumwumiza, kutegemea nguo zimewekwa kundi gani. Katika mkataba huo kila nchi inafungua asilimia 90 ya aina za bidhaa, asilimia 7 huitwa nyeti na kupewa muda mrefu zaidi, na asilimia 3 zinaweza kuachwa nje ya mkataba kabisa, ziendelee kutozwa ushuru. Nani aliingia kwenye hizo 7 na 3, na nani alisahaulika, huamuliwa kwenye vikao ambavyo mafundi wa baraza hawaalikwi. Nilimwambia pia jambo la karibu: mzigo usiozidi dola 2,000 unaokwenda nchi za Afrika Mashariki, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata mpakani cheti cha uasili kilichorahisishwa. Mshonaji mwenzake anayepeleka nguo Uganda hakuwa amewahi kukisikia.

Fundi akauliza, "Hizo asilimia 90 zinafunguka lini?" Nchi kama yetu zimepewa miaka 10. Ukihesabu tangu Januari 2021 biashara ilipozinduliwa, muda huo unakwisha karibu na Uchaguzi Mkuu wa 2030. Akatikisa kichwa, akaingiza uzi kwenye sindano, akaniomba nimwandikie mwaka huo kwenye kile kidaftari chake cha vipimo.